Majivu Yanaporudi Kihambani

Kila mwaka, Desemba ikikaribia na watu wa Masama, Kilimanjaro, wakijiandaa kupanda mlima kurudi nyumbani kutoka Dar, Arusha, Nairobi na ng'ambo, swali lile lile hunirudia kwa sura tofauti. Dada yetu amefariki Marekani, mumewe anasema mwili utachomwa, tukatae? Kaka ameshachomwa Uingereza na majivu yako njiani, tunayapokeaje? Siku hizi lipo na la tatu, linaloulizwa kwa sauti ya chini: mimi mwenyewe nikitaka kuchomwa, nyumbani watanielewa?

Sitabishana hapa kama kuchoma ni bora kuliko kuzika. Kwa mtu aliyefia Masama, penye kihamba (shamba la ukoo lenye migomba) na majirani wa kuchimba kaburi, sioni sababu ya kwenda kutafuta tanuri. Lakini watoto wetu wametawanyika duniani, gharama ya kusafirisha mwili imewashinda wengi, na wengine huko waliko wameoa au kuolewa kwenye familia zenye desturi nyingine. Majivu yatakuja, tukitaka tusitake. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: majivu ni mifupa ya mtu, basi yazikwe kama mtu. Yapewe siku yake, shimo lake, jina lake na mahali pamoja panapojulikana. Ugomvi mwingi ninaousikia hauletwi na moto. Unaletwa na majivu kupokewa kama kifurushi, kisha kuachwa juu ya kabati.

Kwanza, jueni mnachopokea

Wengi hudhani watapewa majivu kama ya jikoni. Sivyo. Ndani ya tanuri, kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi, mwili huteketea kwa saa mbili au zaidi kidogo. Kinachobaki ni mifupa, ambayo husagwa. Mtakachoona ni chenga nyeupe zenye ukijivu, nzito kuliko mnavyotarajia: kilo mbili hadi tatu kwa mtu mzima, ujazo wa lita tatu hivi. Huja ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa kwenye kasha, mara nyingi pamoja na kisahani kidogo cha chuma chenye namba. Namba hiyo ndiyo iliyofuatana na mwili tangu ulipoingia tanurini. Msikitupe, kiwekeni pamoja na vyeti.

Nasisitiza neno mifupa kwa sababu linabadilisha mazungumzo na wazee. Meku, yaani mzee wa ukoo, akisema Mchaga hajawahi kushika mabaki ya mtu baada ya kifo, mkumbusheni kwa adabu. Kabla Ukristo haujashika mlimani, mtu aliyeacha watoto alizikwa ndani ya nyumba, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa na kuhamishiwa kihambani, penye masale. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyeishi na watu wetu, aliandika habari za desturi hizo katika kitabu chake cha 1924. Mazishi ya mara ya pili si mageni kwetu. Yalififia tu baada ya wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, kutuzoesha jeneza na msalaba.

Kabla hamjakubali mwili uchomwe

Uamuzi huu haurudi nyuma, kwa hiyo msiufanye kwa ujumbe mmoja wa simu usiku wa manane. Fuateni hatua hizi hata kama wa ng'ambo wanawaharakisha:

1. Ulizeni marehemu alisema nini, na alimwambia nani. Kama kuna maandishi, yapigwe picha na yatumwe.
2. Jueni nani mwenye kauli kisheria huko alikofia. Katika nchi nyingi za Magharibi ni mwenzi wa ndoa au msimamizi wa mirathi; baba mkubwa na mwenyekiti wa ukoo hawamo. Mkiligundua hili mapema mtaacha kutoa amri na mtaanza kuomba, na kuomba kunasaidia zaidi.
3. Mama mzazi aambiwe na mtu wa damu, ana kwa ana, kabla ya kuandikwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hapa ndipo familia nyingi zimepasuka.
4. Ombeni mwili uagwe kwanza. Nyumba za mazishi huko huruhusu watu kumwona marehemu kabla ya kuchomwa. Ndugu au rafiki mnayemwamini aende, amwone, awapigie simu ya video wazazi na watoto, basi. Picha za maiti zisizunguke.
5. Ulizeni gharama zote mbili, ya kuchoma na ya kusafirisha mwili, kwa maandishi. Mara nyingine michango ya Watanzania wa mji ule inatosha kuleta mwili, na familia ilikuwa haijui.
6. Kama kifo kina utata na mnataka uchunguzi, semeni sasa. Baada ya moto hakuna tena cha kupima.

Hatua ya nne nisingeiruka kwa lolote. Kwetu, kutokuuona mwili kunaumiza kuliko kuchomwa kwenyewe. Miaka ikipita mama huanza kusema huenda hakufa, huenda walichoma mtu mwingine. Shahidi mmoja aliyemwona kwa macho huzima maneno hayo.

Mtakayoambiwa msibani

Jiandaeni, kwa sababu yatasemwa, na yatasemwa na watu mnaowaheshimu.

*"Mmemchoma kama kibaka."* Hili huwauma watu kuliko hoja yoyote ya dini. Tumeona wezi wakivishwa matairi na kuwashwa moto, kwa hiyo moto juu ya mwili wa mtu kwetu umekuwa alama ya aibu. Msilijibu kwa hotuba. Jibu lake ni heshima inayoonekana: kasha zuri, wimbo, wasifu wa marehemu, watu kusimama wakati majivu yanapita. Ukiyaleta kwenye mfuko wa plastiki wa dukani umemthibitishia msemaji.

*"Atafufukaje bila mwili?"* Wakristo wa Afrika Mashariki tuna jibu karibu. Baadhi ya Mashahidi wa Uganda walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana, na kila mwaka maelfu huhiji pale. Hakuna anayedhani Mungu atashindwa kuwakusanya. Waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996, ambao wengine hawakuopolewa, nao hawajapotea kwake. Anayetaka Maandiko asome mwisho wa Samweli wa Kwanza, sura ya 31: watu wa Yabeshi-Gileadi waliichoma miili ya Sauli na wanawe, wakazika mifupa yao chini ya mti, wakafunga siku saba. Halafu kuna Yusufu, aliyeapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake ugenini. Ikabebwa kutoka Misri mpaka Shekemu. Kwa familia yenye mtoto aliyefia mbali, sijui habari inayofaa zaidi kusomwa siku hiyo. Kwa haki, yupo atakayewasomea Amosi 2, ambapo kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu kunahesabiwa dhambi. Mwambieni ni kweli, ila pale mifupa ilichomwa na adui kwa kukomoa.

*"Hatatulia, atakuja kuwasumbua watoto."* Hata waumini wa kila Jumapili hulisema, kwa kunong'ona. Ukimsikiliza vizuri mzee mwenye hofu hii, utaona anachouliza ni marehemu amelala wapi, na kama amelala kwao. Kwa imani ya wazee, waliotangulia wapo kihambani, na mtu asiye na mahali ndiye anayetangatanga. Mwonyesheni mahali na mtaona uso ukifunguka. Mkimwambia majivu yako kwenye kabati la Houston, mmempa sababu ya kuogopa.

*"Wachawi watayachukua."* Msicheke. Muwe mnaamini au hamwamini, majivu yakikaa ndani miezi kadhaa, mtoto wa kwanza kuugua atawafanya watu waanze kunyoosheana vidole. Dawa yake ni kupanga mapema tarehe ya kuzika na kuyafungia vizuri.

Dini zinasemaje

Kwa ufupi, maana hapa mwenye neno ni kiongozi wenu wa ibada.

- Walutheri, ambao ndio wengi Masama: makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani na nchi za Skandinavia huzika watu waliochomwa kila siku, kwa hiyo imani yenyewe haizuii. Kilichopo ni mazoea ya usharika. Nendeni kwa mchungaji kabla ya kutangaza ratiba, kamwe si jioni ya kuamkia mazishi.
- Wakatoliki: kuchoma kumeruhusiwa tangu 1963, ingawa Kanisa bado linapendelea mwili uzikwe. Waraka wa 2016 unataka majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe, yasigawanywe, yasikae nyumbani. Mwishoni mwa 2023 Roma ililegeza kidogo: familia inaweza kuomba sehemu ndogo sana ihifadhiwe mahali penye maana kwa marehemu. Mkitaka kuzika kihambani, mwulizeni paroko kuhusu kubariki eneo.
- Waislamu: kuchoma maiti hakuruhusiwi. Kama ndugu yenu Mwislamu alichomwa na mamlaka za huko bila nyinyi kujua, msijifanyie hukumu. Mwendeeni shehe, awaelekeze namna ya kuyahifadhi mabaki.
- Wahindu, majirani zetu wa Moshi mjini, wao ndio wenye uzoefu. Majivu kwao huenda majini. Hata sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa kwenye Nile kule Jinja mwaka 1948. Heshima wanayoiweka katika kukusanya na kusindikiza majivu tungeweza kujifunza kwao bila kubadili dini.

Kuyafikisha KIA salama

Uwanja wa ndege wa KIA upo Hai, karibu na nyumbani, lakini safari huharibikia mbali.

- Ulizeni ubalozi wa Tanzania na shirika la ndege orodha ya karatasi kabla ya kukata tiketi. Kwa kawaida ni cheti cha kifo, cheti cha uchomaji na barua ya nyumba ya mazishi.
- Chukueni nakala kadhaa za cheti cha kifo zilizothibitishwa. Mtazihitaji kwa mirathi, na kuzifuata baadaye kutoka Masama ni adha.
- Chombo cha safari kiwe cha mbao au plastiki ngumu. Cha chuma hakipenywi na mashine ya ukaguzi, na ofisa hatakifungua ili kuwahurumia, mtaambiwa hakipandi. Chombo cha fahari mtakinunua au kukichongesha hapa.
- Abebe mtu, mkononi. Begi la mizigo hupotea, na hakuna fidia ya hasara hiyo.
- Mpokeeni uwanjani kama mnavyompokea marehemu: watu wachache waliovaa vizuri, mzee mmoja, sala fupi. Aliyebeba amebeba peke yake saa ishirini angani. Mtu aje amtue.

Kutoka hapo pitieni moja kwa moja nyumbani. Kusimama Kwa Sadala kununua nyama ya msiba huku majivu yapo kwenye buti ni jambo dogo, lakini atakayeliona atalisimulia.

Mahali kihambani

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi ilipo. Faida kubwa ya majivu kwenye vihamba vyetu vilivyogawanywa vikagawanywa tena ni kwamba hayahitaji eneo kubwa. Kaburi la saruji na vigae linakula nafasi ya migomba kadhaa. Shimo la majivu halizidi upana wa ndoo. Udogo huo huo ndio hatari yake: baada ya miaka kumi mjukuu hajui lilipo, analima.

Chagueni mahali kwa kufuata haya:

1. Karibu na makaburi yaliyopo ya familia, upande ambao wazee wamezoea kulaza watu wenu. Kama nyumbani kwenu huelekezwa Kibo, elekezeni Kibo. Haigharimu kitu, na inawatuliza wengi.
2. Mbali na mto, chemchemi na mfongo (mfereji wa maji). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Jirani wa chini anayekunywa maji ya mfongo wenu hatahitaji sheria kuwachukia.
3. Mbali na mashina ya migomba. Shimo la kupandia mgomba hufika sentimita 60 hadi 90. Majivu yaliyozikwa kwa kina cha jembe tu yatakutana na mpanda migomba. Chimbeni mita moja kamili.
4. Kwenye sehemu ya kihamba ambayo haina mgogoro. Ikiwa ndugu wawili bado wanavutana nani mrithi wa nyumba ya baba, majivu yatageuzwa silaha: yakizikwa upande wa huyu, yule atasema ametekwa.
5. Kwa mwanamke aliyeolewa, zungumzeni na upande wa mume kwanza, hata kama ndoa iliyumba. Kama wamekataa au hawapo, kikao cha ukoo wake kiandike kwamba amerudi kwao kwa heshima.

Sasa bustani yenyewe. Wengi wanataka kupanda mti juu ya majivu ili "aendelee kuishi". Wazo ni zuri, utekelezaji ndio unaoua mti. Majivu ya mifupa yana chumvi nyingi na hufanya udongo uwe na magadi. Ukiyarundika kwenye mizizi ya mche, mche unakauka, na hapo ndipo mtaambiwa marehemu amekasirika. Fanyeni hivi: majivu yakae chini kwenye chombo chake, fukieni udongo wa nusu mita au zaidi, halafu juu changanyeni udongo na samadi iliyooza ndipo mpande. Mche uwe pembeni kidogo ya shimo, usiwe katikati. Kahawa msiipande hapo, maana inapenda udongo wenye tindikali.

Masale ndiyo mmea wa kwanza kufikiria. Hayafi kirahisi, na kila mtu mlimani anayasoma: ni amani, ni msamaha, ni alama ya mahali pa heshima. Ila masale pia ndiyo mipaka yetu. Mkipanda mstari wa masale hatua tatu kutoka kwa jirani, mwakani atamwita mwenyekiti wa kitongoji akisema mmesogeza mpaka. Yapandeni kwa mduara au pembe nne zilizobanana, ndani kabisa ya eneo lenu, na jirani awepo mnapoyapanda.

Alama ya maandishi haikwepeki. Jiwe dogo la mlimani lenye jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa linatosha. Pasipo alama, siku kihamba kikiuzwa au barabara ikipita, nani atajua kuna mtu pale? Makaburi yanayoonekana huhesabiwa na kuhamishwa kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 1969. Mahali pasipoonekana hupitiwa na greda.

Kuhusu chombo: mkitaka majivu yarudi udongoni, tumieni kasha la mbao isiyopigwa vanishi, au chungu cha udongo. Mringaringa, ambao babu zetu walichongea mizinga na vyombo vya mbege, ni mbao inayofaa na fundi wa kijijini anaujua. Mfuko wa plastiki utolewe. Kazi hiyo ifanywe na watu wawili wazima, ndani, madirisha yamefungwa, na glavu mikononi. Watoto wasiwepo.

Siku yenyewe

Siku ya majivu iwe mazishi kamili, kwa mpangilio ule ule watu wanaoujua. Kubuni sherehe mpya ndiko kunakowachanganya.

Shimo lichimbwe asubuhi na vijana wa jirani, kama kawaida. Msimwite fundi wa kulipwa kwa kuwa ni dogo. Kasha liwekwe juu ya meza yenye kitambaa cheupe, picha ya marehemu mbele yake. Wasifu usomwe wote, pamoja na sentensi moja ya wazi: amefariki wapi, lini, mwili umechomwa wapi, nani alikuwepo. Sentensi hiyo mkiiruka, watu watakaa ibada nzima wakiulizana jeneza liko wapi. Kisha kasha libebwe na mtu mmoja, mtoto wa kwanza au ndugu anayestahili, lishushwe kwa mikono, na kila mwanafamilia atie udongo. Mashada yaitwe kwa zamu ile ile ya ukoo, wakwe, marafiki na ofisi. Chakula kiwepo.

Je, msubiri Desemba? Ndiyo, na hili ni moja ya mambo machache ambayo majivu yamerahisisha. Mwili mochwari unahesabiwa siku. Majivu yanaweza kungoja wote warudi, na mkapata mazishi yenye watoto wote. Lakini wekeni tarehe tangu mwanzo. Wakati wa kungoja, yahifadhiwe kwa mtu mmoja aliyetajwa, ndani ya kabati linalofungwa, au ofisini kwa mchungaji kama amekubali. Desemba mbili zikipita bila kuzika, hamngoji tena. Mmeshindwa kukubaliana, na iteni kikao.

Makosa yanayorudiwa

- Kugawana. Nusu Masama, nusu Dar, kijiko kwa kila mtoto kwenye kidani. Baadaye hakuna kaburi la kwenda wote. Mwenzi aliyeko ng'ambo akitaka kubaki na sehemu, abaki na kidogo, na iandikwe.
- Kuficha. Kuna familia huweka majivu ndani ya jeneza la kawaida lililojazwa mawe, watu wasijue. Wabebaji wanajua uzito wa maiti unavyokaa. Itajulikana, na kitakachosemwa kitakuwa kibaya kuliko ukweli.
- Kumwachia mtu mmoja siri ya mahali. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alichomwa London mwaka 1991 na mahali pa majivu yake pakaachwa kwa rafiki mmoja tu. Yeye alitaka hivyo, na ni haki yake. Kwa familia ya mlimani, siri ya namna hiyo ni mbegu ya kesi.
- Kupanda nayo mlimani kimyakimya. Wapo wanaotaka kutawanya majivu Shira au Uhuru. Kule ni hifadhi ya taifa. Kibali huombwa kwa wasimamizi wa hifadhi, KINAPA, Marangu, kabla ya safari. Na juu kule upepo ni mkali: mtayavaa.
- Kuyaacha kwenye bustani ya ukumbusho ya ng'ambo bila kuuliza masharti. Uingereza, kibao cha jina chini ya mwaridi mara nyingi hulipiwa kwa miaka fulani. Muda ukiisha kinaondolewa. Sweden kuna bustani za pamoja ziitwazo minneslund, nzuri sana kwa macho, lakini wahudumu huzika majivu bila ndugu kuwepo na hakuna anayeonyeshwa pahali. Kwa Mswidi ni utulivu. Mama wa Masama atauliza aweke wapi ua, na hakuna atakayemjibu.

Kwako wewe unayetaka kuchomwa

Hapa nchini matanuri yaliyopo, kama la Dar es Salaam, yanaendeshwa na jumuiya za Wahindu kwa ajili ya waumini wao. Ulizia mapema, usidhani mlango uko wazi. Nairobi kuna Kariokor, la Wahindu pia, na Lang'ata la kaunti. Huko jambo hili limeshafanywa mbele ya macho ya watu: Wangari Maathai mwaka 2011, akiwa kwenye jeneza la magugu maji na mianzi kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, Kenneth Matiba mwaka 2018, hata Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana na mkewe.

Lakini msiangalie majina tu. Mbunge Ken Okoth alipofariki mwaka 2019, mahakama ilisimamisha shughuli kwa muda kwa sababu ya mvutano wa familia, na alipochomwa wengi walipata habari yamekwisha. Na kabla ya hapo kuna kesi ya wakili S.M. Otieno: mkewe Wambui alisema mume alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, ukoo ukasema Siaya, na mwili ukakaa mochwari miezi mitano hadi Mei 1987, ukoo uliposhinda. Neno ulilomwambia mkeo jikoni halina nguvu mbele ya ukoo. Kwa hiyo:

1. Mwambie mzazi, kama yupo hai, wewe mwenyewe. Akikukatalia, fikiri upya. Atakayebaki na maumivu ni yeye.
2. Waambie watoto wote pamoja, siku moja, chumba kimoja. Usimpe mmoja siri.
3. Andika kwa mkono ukurasa mmoja: jina lako, kwamba unataka kuchomwa na kwa nini, nani asimamie, gharama itoke wapi, na majivu yazikwe wapi hasa. Taja kihamba, taja upande, taja jirani wa mpaka.
4. Andika pia kitakachofanyika ikishindikana. "Kama mama yangu bado yu hai na hajaridhia, nizikeni kawaida" ni sentensi inayookoa familia.
5. Tia saini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Iwe karatasi ya peke yake, mbali na wosia wa mali, maana wosia kwa kawaida husomwa baada ya matanga, wakati umeshazikwa.
6. Toa nakala tatu: kwa mwenzi wako, kwa mchungaji au paroko, na kwa mnenaji wa ukoo. Wa ukoo atakasirika kuipokea. Mpe hivyo hivyo, na mketi mmalize mbege.